Kiwango cha 0.08 kilitoka wapi, na kukishusha kutatusaidia nini barabarani Mwanza?

Katibu wa Njia

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni katibu wa umoja mdogo wa madereva wa daladala wanaoingia mjini kutokea Kisesa. Wiki mbili zilizopita dereva mwenzetu alisimamishwa maeneo ya Igoma saa kumi na mbili na robo asubuhi, gari likiwa limejaa hadi mlangoni, akapulizishwa kipima ulevi, na kifaa kikasoma 0.09, wakati kiwango cha pombe kwenye damu ambacho sheria inataka dereva asikizidi ni 0.08. Aliapa mbele ya abiria kwamba tangu saa sita usiku hakutia tone mdomoni. Alilala, akaoga, akanywa chai na chapati mbili ndipo akaja kuchukua gari. Konda wake alimtetea kwa sauti kubwa kuliko yeye mwenyewe. Abiria walishuka mmoja mmoja wakadai nauli zao, na siku ile hesabu ya tajiri mwenye gari haikupatikana.

Katika kikao cha Jumapili ubishi ulikuwa mkubwa. Wapo waliosema kifaa ni kibovu. Wengine walisema namba hiyo ya 0.08 tumeirithi tu kwa wageni bila mtu wa hapa kuulizwa. Mzee mmoja aliuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: kama pombe ni hatari barabarani, kwa nini sheria isiseme sifuri, basi yaishe? Na kama 0.08 ni sawa, mbona wadau wa usalama barabarani wanataka ishushwe hadi 0.05?

Nimetumwa nitafute majibu kabla ya kikao kijacho. Naomba kujua ni nani alikaa akaamua 0.08, kama ni kweli utafiti wa afya ya jamii ndio unaotunga sheria hizi au ni wanasiasa wanaokisia, na kama kushusha kiwango kutabadilisha lolote katika barabara yetu hii ya kwenda Musoma. Sitetei ulevi, kwa hiyo naomba tusianze kwa kejeli.

Muuguzi wa Zamu

Kaka Katibu, nafanya kazi ya uuguzi katika kitengo cha dharura cha hospitali moja ya kanda hii, na kwa sasa nasomea afya ya jamii. Nianze na dereva wako, kwa sababu hesabu yake ndiyo itakayowafumbua macho wenzake kabla ya historia yoyote.

Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kilevi halisi. Kwa mwanamume wa kilo 70, chupa hiyo hupandisha kiwango cha pombe kwenye damu kwa takribani 0.04, yaani gramu 0.04 katika kila mililita 100 za damu. Ini huchoma wastani wa 0.015 kwa saa, na halijali kama mwenye ini amelala au ameoga. Tuseme alikunywa chupa sita kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita. Jumla ni karibu 0.25, kufikia saa sita usiku ini limeshachoma 0.06, imebaki 0.19. Kufikia saa kumi na mbili asubuhi imeondoka 0.09 nyingine, na iliyobaki ni 0.10. Kwa hiyo kifaa kilichosoma 0.09 huenda kilikuwa kizima kabisa, na dereva naye huenda alisema kweli kwamba hakunywa tangu saa sita. Damu yake ingekuwa safi yapata saa saba mchana. (Na kama alizimua kwa chupa moja asubuhi, kama baadhi yao wanavyofanya, basi tuongeze.) Hesabu hii ni ya makadirio, maana miili hutofautiana na mwanamke wa uzito uleule hupanda zaidi, lakini msingi wake unajulikana tangu kazi ya Msweden Erik Widmark aliyoichapisha miaka ya 1920 na 1930.

Sasa nije kwenye namba yenyewe. Kwa muda mrefu madaktari waliwakuta walevi miongoni mwa waliopata ajali, lakini hilo peke yake halithibitishi kitu. Huenda kila anayepita barabara ile saa ile amekunywa, wenye ajali na wasio na ajali. Ukitaka kujua kama pombe ndiyo inayoleta ajali, ni lazima uwapime pia wale waliofika salama. Kazi hiyo ilifanyika kwa upana mwaka 1962 na 1963 katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, Marekani, chini ya Robert Borkenstein, yuleyule aliyetengeneza kipima ulevi cha kupuliza mwaka 1954. Walipima madereva 5,985 waliohusika katika ajali, kisha wakasimama mahali ambapo ajali hutokea, siku za wiki zilezile na saa zilezile, wakawapima wapita njia 7,590 ambao hawakupata ajali. Matokeo yalitolewa mwaka 1964. Hatari ilianza kupanda waziwazi baada ya 0.04, na kufikia 0.08 ilikuwa inapanda kwa kasi.

Utafiti ule ulikuwa na kioja chake: waliokuwa na pombe kidogo sana walionekana salama kuliko wasiokunywa kabisa! Wapenda bia walishangilia. Wachambuzi waliofuata walionyesha kwamba makundi hayakulingana, maana waliokuwa na pombe kidogo wengi walikuwa wanywaji wazoefu wa umri wa kati, wakati miongoni mwa wasiokunywa walikuwamo vijana na wazee, ambao hupata ajali zaidi hata bila pombe. Utafiti wa baadaye katika miji ya Long Beach na Fort Lauderdale, uliorekebisha mambo hayo, ulionyesha kwamba dereva mwenye 0.05 ana hatari mara 1.38 ya asiyekunywa, mwenye 0.08 mara 2.69, na mwenye 0.10 mara 4.79.

Hapo utaona kwamba utafiti hauna mahali unaposema "simama hapa." Unatoa mteremko tu. Mahali pa kupiga mstari kwenye mteremko huo huchaguliwa na wabunge, kwa kuangalia nini kitapita na nini wananchi watakubali. Norway ilipiga mstari kwenye 0.05 tangu mwaka 1936. Sweden ilianza na 0.08 mwaka 1941, na mwaka 1990 ikashuka hadi 0.02.

Wakili wa Kirumba

Dada Muuguzi ameeleza vizuri. Naongeza upande wa mahakama, kwa kuwa huko ndiko thamani ya namba inakoonekana.

Kabla ya namba, kosa lilikuwa kuendesha gari ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu. Ni nani anayethibitisha hilo? Askari alisema mtuhumiwa alinuka pombe na kuyumba; daktari alimtembeza kwenye mstari wa chaki; mtuhumiwa alisema alikuwa na homa na kiatu kilimbana. Kesi zilianguka kama maembe ya Novemba. Uingereza ilijaribu njia hiyo kwa miaka mingi, ndipo Waziri wa Usafirishaji, Barbara Castle, akasimamia sheria iliyoanza kutumika tarehe 9 Oktoba 1967, ambayo kosa lake ni kuwa na zaidi ya miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, yaani ileile 0.08. Uyumbe usiyumbe, ukizidi umekosa. Utafiti wa Grand Rapids ndio uliowapa watunga sheria ujasiri wa kusema kwamba namba inaweza kusimama badala ya maoni ya shahidi.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na kiwango chake ni hichohicho, miligramu 80. Kwa hiyo waliosema kikaoni kwamba tumeirithi namba hii hawako mbali na ukweli. Hata hivyo, kurithi si dosari. Shamba la urithi nalo hulimwa. Swali ni kama tumewahi kurudi kulipima.

Jambo moja ambalo wanaopigania mabadiliko wasilisahau: namba ikiwekwa vibaya kisheria, utafiti wote uliopo nyuma yake hautaiokoa. Kenya walitunga kanuni za kipima ulevi mwaka 2011, zile ambazo wananchi walizifahamu kwa jina la Alcoblow. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kanuni hizo zilipingana na sheria mama, kwa sababu sheria mama bado iliongelea kushindwa kulimudu gari, huku kanuni zikiongelea namba. Wanasayansi hawakuwa na kosa hapo. Waandishi wa kanuni ndio walioruka hatua.

Mzee wa Lori

Mwangaluka nyote. Nimesoma kwa utulivu, maana macho yangu siku hizi yanataka herufi kubwa.

Nimeendesha malori ya pamba na baadaye ya saruji kwa miaka 31, sehemu kubwa ikiwa kati ya Mwanza, Shinyanga na Geita. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025 tulikuwa tunasubiri kivuko kwa saa nyingi, wakati mwingine tangu alasiri hadi usiku. Dereva anayesubiri afanye nini? Anakula sato wa kuchoma, anashushia na bia, foleni haisogei, anaagiza nyingine. Kivuko kikifika anapanda akiwa na chupa tano tumboni na tani 30 mgongoni, na ng'ambo ya pili anaanza safari ya Sengerema gizani. Nimeyaona kwa macho, na sitasema kwamba mimi nilikuwa malaika. Katika miaka yote 31 sikupulizishwa kifaa hicho hata mara moja. Namba ilikuwa 0.08. Ingekuwa 0.05 au 0.02, kwangu mimi ingekuwa ni kitu kimoja, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Ndiyo maana nawauliza wasomi: mtu anayejua hatapimwa, namba itamfanya nini? Na je, hao watafiti wenu wamelitazama hilo, au wanapima damu tu?

Muuguzi wa Zamu

Shikamoo, mzee wangu. Swali lako ndilo kiini cha jambo lote, na limetafitiwa sana.

Sheria ile ya Uingereza ya 1967 ilichunguzwa na mwanasosholojia wa Marekani, H. Laurence Ross. Alilinganisha usiku wa mwisho wa wiki, ambapo watu hunywa, na saa ambazo baa zimefungwa. Majeruhi wa usiku wa mwisho wa wiki walipungua ghafla sheria ilipoanza. Wa saa nyingine hawakubadilika sana, na kwa njia hiyo alijua kwamba ni sheria iliyofanya kazi, wala si hali ya hewa au ubora wa magari. Lakini baada ya muda ajali zilianza kurudi. Maelezo yake ni yaleyale yako, mzee: mwanzoni watu waliamini watakamatwa, halafu wakagundua kwamba upimaji ni wa nadra, wakarudia chupa zao.

Jimbo la New South Wales huko Australia linatoa somo zuri zaidi. Walishusha kiwango kutoka 0.08 hadi 0.05 mwezi Desemba 1980. Miaka miwili baadaye, Desemba 1982, wakaanzisha upimaji wa kushtukiza, ambapo askari husimamisha gari lolote na kumpima dereva hata kama hana dalili yoyote, na upimaji huo ukatangazwa kila mahali. Vifo vilishuka upesi na kwa kiwango kilichoonekana wazi. Nchini Marekani, wachambuzi waliokusanya tafiti nyingi kuhusu vituo vya kupimia barabarani walikuta kwamba ajali za pombe hupungua kwa takribani asilimia 20 panapokuwa na vituo hivyo.

Uskoti nao walishusha kutoka miligramu 80 hadi 50 tarehe 5 Desemba 2014, wakati England na Wales zikibaki na 80. Kwa mtafiti hiyo ni bahati kubwa, kwa sababu majirani wanageuka kuwa kundi la kulinganisha. Watafiti wa Glasgow walipohesabu, wakachapisha katika jarida la Lancet, hawakuona ajali kupungua. Jimbo la Utah huko Marekani lilishusha hadi 0.05 mwishoni mwa Desemba 2018, na mwaka uliofuata kasi ya ajali za vifo ilikuwa chini kwa asilimia 19.8 ikilinganishwa na 2016, wakati sehemu nyingine za nchi zilishuka kwa asilimia 5.6 tu. (Utah ina waumini wengi wasiogusa pombe kabisa, kwa hiyo tusiipakue kama ilivyo na kuileta Mwanza.)

Wapo watakaosema: tafiti zinapingana, basi hazina maana. Sisi watu wa kando ya Ziwa tunapaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Mwaka 1995 Lancet ilichapisha jaribio lililofanyika hapahapa mkoani Mwanza, katika jamii sita zilizoboreshewa matibabu ya magonjwa ya ngono na sita za kulinganisha, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa takribani asilimia 40. Miaka minne baadaye, ng'ambo ya Ziwa huko Rakai, Uganda, waliwatibu watu wote kwa pamoja na hawakuona VVU kupungua. Hakuna aliyechana karatasi. Watu walikaa wakauliza ni nini kilitofautiana, wakakuta kwamba namna ya kutibu na hatua ya mlipuko wa ugonjwa havikuwa sawa. Kwa Uskoti na Utah tuulize vivyo hivyo, na moja ya majibu yaliyotolewa kuhusu Uskoti ni kwamba kiwango kilishuka bila upimaji kuongezwa vya kutosha. Mimi naunga mkono 0.05, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza hivyo, pamoja na 0.02 kwa madereva vijana na wapya. Lakini kama fedha zingetosha jambo moja tu, ningenunua vipima ulevi kwanza.

Boda wa Mabatini

Mimi nisaidieni kitu kimoja. Mnaongea kuhusu magari, wakati wodi zimejaa sisi wa pikipiki. Viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali, vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, kijiweni kwetu tuliona tofauti ndani ya wiki, kwa sababu kiroba kilikuwa kinakaa mfuko wa shati na bei yake ilikuwa chini ya nauli ya abiria mmoja. Hakuna aliyekuja kupima damu ya mtu kabla wala baada. Je, kama tofauti ile ilikuwa ya kweli, ni nani aliyeiandika? Nami mwaka juzi nilipovunjika mkono nilipokelewa vizuri, nikaulizwa jina, umri, kabila na namba ya bima. Suala la pombe halikuguswa. Nilikuwa nimekunywa, nakiri.

Muuguzi wa Zamu

Mdogo wangu, umegusa kidonda. Madaktari wa Hospitali ya Bugando walichapisha tangu mwaka 2010 kwamba majeraha ya pikipiki ni tatizo la afya ya jamii linalokua katika Jiji la Mwanza, na kumekuwa na tafiti za unywaji miongoni mwa vijana wa mikoa ya Mwanza na Kilimanjaro. Kinachokosekana ni kile kilichofanyika Grand Rapids: kumpima kila majeruhi anapofika, na kuwapima pia waliopita salama mahali palepale. Zamu yetu ya usiku tunapokea majeruhi, tunazuia damu, tunafunga mfupa, na kwenye faili tunaandika "ananuka pombe" au hatuandiki. Maneno hayo mawili hayawezi kwenda bungeni. Marekani nao walikuwa na takwimu zao kwa miaka mingi bila sheria kukaza, mpaka mwaka 1980 Candy Lightner, aliyempoteza bintiye wa miaka 13 kwa dereva mlevi, alipoanzisha umoja wa akina mama ukazibeba hadi kwa wabunge. Sisi akina mama waliofiwa tunao. Namba za kuwakabidhi ndizo hatuna.

Katibu wa Njia

Nawashukuru nyote, na mzee wa lori nampa shikamoo ya pekee.

Nilichapisha ile hesabu ya chupa sita nikaisoma kikaoni jana. Kulikuwa na ukimya ambao sijauona tangu nichaguliwe. Dereva mwenyewe alihesabu kwa vidole, akasema zilikuwa saba. Kuhusu sheria, wengi sasa hawapingi 0.05, wanachotaka ni kwamba upimaji uwe wa kila gari, likiwamo la mkubwa linalopita na vioo vyeusi, na ombi hilo tutaliandika katika barua yetu.

Tumekubaliana pia kutafuta kipima ulevi chetu wenyewe, kikae kwa msimamizi wa zamu, na kila dereva apulize saa kumi na moja alfajiri kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Mweka hazina aliguna kuhusu bei, lakini hicho si kikwazo kikubwa. Kikwazo aliibua konda, yuleyule wa Igoma. Dereva akikutwa na 0.03, ambayo iko chini ya 0.08 lakini utaratibu wetu unaikataa, gari litachukuliwa na deiwaka, yaani dereva wa kibarua cha siku. Deiwaka naye nani atampima, na hesabu ya tajiri siku hiyo itatoka mfuko wa nani? Tumeahirisha hadi Jumapili.